Je, ni chumvi inayopandisha presha yako? Jaribio la wiki tatu la kufanya nyumbani

"Musawo (daktari), chumvi niliacha, mbona presha haishuki?"

Nasikia hili karibu kila wiki hapa Busia, Uganda, na wanaouliza si wazee. Ni mwendesha boda boda wa miaka 27, msichana wa hosteli, askari kijana aliyekuja likizo. Nikiuliza aliacha vipi, hadithi ni ile ile: aliondoa kopo la chumvi mezani. Mchana anakula kikomando (chapati iliyokatwakatwa na maharage) kibandani, jioni mchuzi wenye vidonge viwili vya viungo, na presha yenyewe ilipimwa mara moja tu, mkono ukining'inia, dakika moja baada ya kushuka kwenye pikipiki.

Mtu huyo hajaacha chumvi, na presha yake haijui. Mwongozo huu ni wa kumtoa hapo. Mwisho wa wiki tatu utakuwa na karatasi yenye namba zako mwenyewe, nazo zitakuambia kama wewe ni kati ya watu ambao chumvi inawagusa au la.

Maana watu hawafanani. Wapo ambao wakila chumvi nyingi figo zao huchelewa kuitoa, maji yanabaki mwilini pamoja nayo, mishipa nayo inakaza, na presha inapanda. Wengine wanaitoa kwa mkojo bila presha kusogea sana. Kuguswa na chumvi kunaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa wanene, kwa wenye presha tayari na kwa wenye figo dhaifu, tena kunaongezeka umri unaposogea. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kliniki cha kukuonyesha uko upande gani. Inabidi chumvi ibadilike, na upime kabla na baada.

## Kwanza, nani asifanye

Usianze jaribio hili kama una mimba, ugonjwa wa figo au wa moyo, kisukari, au kama tayari unameza dawa za presha. Hali hizo zinahitaji mtu wa kukusimamia. Usiache dawa ili "ujipime vizuri". Nimeona mtu akifanya hivyo na sitaki kuona tena.

Kama kipimo chako cha kawaida ni 160 kwa namba ya juu au 100 kwa namba ya chini, au zaidi ya hapo, acha jaribio, nenda kituo cha afya. Presha ya namna hiyo kwa kijana wa miaka 25 inataka figo na homoni zichunguzwe, si kupunguziwa chumvi peke yake.

Na wewe ambaye presha yako ni 105 kwa 65 na huna tatizo lolote, huna cha kutafuta humu. Endelea na shughuli zako.

## Vitu vya kuandaa

- Mashine ya presha ya kidijitali inayofungwa juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono zinadanganya kirahisi, kwa sababu mkono ukishuka kidogo tu chini ya moyo namba inapanda. Kama huna pesa ya kununua, changeni watu watatu au wanne wa nyumba moja. Ukikosa kabisa, tafuta duka la dawa au kituo kimoja kitakachokubali ukapime asubuhi na jioni kwa mashine ile ile.
- Utepe wa kupimia wa fundi cherehani.
- Kijiko cha chai cha kawaida na kisu cha kusawazishia.
- Kikopo kidogo chenye mfuniko.
- Pakiti mpya ya chumvi yenye madini joto. Sheria ya Uganda inataka chumvi ya kula iwe nayo, na hata tukipunguza chumvi, tunataka hiyo kidogo inayobaki iwe nayo.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa, lakini daftari huishi karibu na mashine, simu hutembea.
- Mizani ya kujipimia uzito, ukiweza kuipata. Si lazima.

Watu huniuliza kama watumie chumvi ya mawe kutoka ziwa Katwe au ile ya rangi ya waridi ya supamaketi badala ya ya pakiti. Hapana. Zote kwa sehemu kubwa ni chumvi ile ile ya sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha. Chumvi ya gharama haina huruma zaidi kwa mishipa.

## Hatua ya 1: Pima mkono kabla ya kupima presha

Zungushia utepe katikati ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya mkono wa sentimita 22 hadi 32. Ukizidi 32, nunua mkanda mkubwa.

Kwa nini nasumbua na jambo dogo hivi? Kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, wakati mwingine kwa 10 au hata 20. Vijana wanaonyanyua vyuma na wanawake wenye mikono minene wamewahi kuambiwa wana presha ambayo hawana.

Utajua umepatia ukiona mkanda unafunga ndani ya alama zilizochorwa juu yake, na vidole viwili vinapita kati yake na ngozi.

## Hatua ya 2: Jifunze kupima, siku mbili nzima

Hapa ndipo wengi huharibu, na ukiharibu hapa wiki tatu zote ni bure. Tunatafuta tofauti ndogo, pengine ya 5 tu. Kosa la kukaa vibaya linaweza kuwa kubwa kuliko hiyo.

Asubuhi, baada ya kwenda haja ndogo, kabla ya chai, kabla ya dawa, kabla ya kukimbilia stendi, kaa kwenye kiti chenye mgongo. Si kitandani wala kwenye kigoda. Egemea. Miguu yote miwili chini, usiikunje moja juu ya nyingine. Mkono uwekwe mezani, mkanda uwe sawa na moyo. Nguo itoke kabisa: kukunja shati la mikono mirefu hadi bega linabana mkono na kukupa namba ya shati.

Tulia dakika 5. Dakika 5 za kweli. Simu iwe mbali, redio izimwe, watoto watoke nje. Nusu saa kabla ya hapo usiwe umekunywa kahawa, chai kali au kinywaji cha kuongeza nguvu, usiwe umevuta sigara wala kubeba jerikeni za maji.

Pima. Usiongee. Kuongea tu kunaweza kupandisha namba ya juu kwa 10, na kibofu kilichojaa hufanya hivyo hivyo. Subiri dakika moja, pima tena. Andika zote mbili, namba ya juu na ya chini, pamoja na saa. Jioni kabla ya kula rudia vile vile, mkono ule ule, kiti kile kile.

Usichague namba nzuri. Kuna ndugu mmoja aliniletea daftari safi sana, namba zote 118 na 120. Nikamwomba nione kumbukumbu ya mashine. Alikuwa akipima mara sita na kuandika ile iliyompendeza.

Siku hizi mbili za kujifunza hazihesabiwi. Namba za mwanzo huwa juu kwa sababu ya woga wa mashine yenyewe. Ukiona vipimo viwili vya dakika moja havipishani sana, tuseme chini ya 8, na wewe huna tena wasiwasi mkanda ukibana, umefuzu.

Onyo. Mashine ikisoma 180 au zaidi juu, au 120 au zaidi chini, tulia dakika 5 upime tena. Ikibaki hapo na una maumivu ya kifua, kichwa kinachopasua, pumzi fupi, macho yenye ukungu, au upande mmoja wa mwili umelegea, usilale ukisubiri asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, jaribio limekwisha: onana na daktari siku hiyo.

## Hatua ya 3: Wiki ya kwanza, kula kama kawaida

Siku 7. Usibadilishe chochote. Kama kila Ijumaa unakula muchomo (nyama choma), kula. Kama rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ni chakula chako cha asubuhi, iendelee. Tunataka kujua ulivyo, si unavyotamani kuwa.

Kazi yako ni mbili: kupima asubuhi na jioni, na kuandika kila kilichoingia mdomoni chenye chumvi. Usikadirie gramu. Andika tu "chipsi, chumvi imenyunyizwa", "karanga za kukaanga", "mchuzi wa mama, kidonge kimoja".

Andika pia mambo mengine yanayopandisha presha ili baadaye usiisingizie chumvi: usiku usiolala, bia au waragi (pombe kali), mairungi (miraa), na dawa za maumivu. Hili la mwisho vijana hawalijui. Diclofenac na ibuprofen, zile zinazouzwa kama pipi kwa maumivu ya mgongo, huzuia figo kutoa chumvi na maji. Sindano za maumivu za wiki nzima zinaweza kukupa presha ambayo posho (ugali) na maharage havikukupa. Dada anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni naye aandike. Kwa baadhi ya wanawake hupandisha presha, na hilo ni la kuongea na mhudumu, si la kuacha vidonge kimya kimya.

Ukifika siku ya 7, tafuta wastani wa siku 4 za mwisho. Jumlisha namba zote za juu za siku hizo, gawa kwa idadi yake. Fanya hivyo na za chini. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 juu au 85 chini, au zaidi, tayari ni presha. Ukiwa hapo unaweza kumaliza jaribio, lakini panga siku ya kuonana na daktari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta takriban robo ya watu wazima wa Uganda wana presha, na wengi wao hawakuwa wanajua, kwa hiyo usijione wa ajabu.

## Hatua ya 4: Isake chumvi ilipojificha

Fanya hili siku moja kabla ya wiki ya pili. Kaa na daftari lako la chakula na kalamu nyekundu.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote. Hesabu ya haraka ya nyumbani: nyumba ya watu 4 ikila gramu 5 kila mmoja, pakiti ya kilo moja inapaswa kukaa siku 50. Andika tarehe ya kufungua kwenye pakiti. Nyumba nyingi nilizozishauri kufanya hivyo pakiti iliisha kabla ya mwezi, na hapo hujahesabu walichokula nje.

Sasa zungushia vifuatavyo kwa wekundu.

Vidonge na unga wa mchuzi ndio adui nambari moja. Karibu nusu ya kidonge, au zaidi, ni chumvi. Mpishi anatia kidonge, kisha anaonja, kisha anatia chumvi "kidogo". Ni chumvi mara mbili.

Kikomando na rolex vina chumvi sehemu mbili pia: kwenye unga wa chapati, halafu kwenye maharage au mayai. Huwezi kuiona wala kuitoa. Sisemi ni chakula kibaya, kimewalea wanafunzi wengi, mimi nikiwemo. Lakini kwa wiki moja hakitakusaidia.

Tambi za dakika chache: ile pakiti ndogo ya viungo iliyo ndani ndiyo karibu chumvi yote. Mkate nao unayo, ingawa ni mtamu mdomoni. Soseji, samaki wa chumvi, na makayabu (samaki mkavu wa chumvi) wanayopenda ndugu zetu wa Kongo, hata ukiyaloweka usiku kucha, bado yanabaki na nyingi. Karanga za chumvi, popkoni, embe bichi la chumvi na pilipili. Supu ya molokony (kwato za ng'ombe) ya asubuhi, ambayo watu huiongezea chumvi kabla hata ya kuionja.

Na magadi. Kaskazini na mashariki tunayatia kwenye maharage ili yaive haraka na kwenye mboga ili zilainike. Magadi si chumvi ya kula, lakini yamejaa sodiamu. Sodiamu ya magadi haipandishi presha kwa nguvu sawa na ya chumvi ya kawaida, ila kwa wiki hii yatoe ili usichanganye mambo. Loweka maharage usiku, yataiva.

Orodha ya vyakula visivyozungushiwa itakushangaza kwa wingi. Matoke yaliyopikwa kwa majani ya mgomba hayana chumvi. Posho haina. Viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, gonja (ndizi kubwa tamu) ya kuchoma, mahindi ya kuchoma, ndizi, parachichi, nanasi, maziwa, mayai ya kuchemsha, samaki mbichi, na mboga za majani kama dodo na nakati. Jikoni kwetu wanga tayari hauna chumvi. Ni mchuzi tu unaoibeba. Mwenzetu wa Ulaya anayekula mkate na jibini kutwa hana bahati hiyo.

## Hatua ya 5: Wiki ya pili, kikopo cha wiki

Asubuhi ya siku ya kwanza, chukua kijiko cha chai, jaza chumvi, sawazisha kwa kisu, mimina kikoponi. Fanya hivyo mara tatu, kisha ongeza nusu kijiko. Hicho ndicho chumvi yako yote ya siku 7: nusu kijiko kwa siku, gramu mbili na nusu hivi. Funika.

Chakula chako kipikwe bila chumvi kabisa, bila kidonge, bila magadi. Ukishapakua, nyunyiza kutoka kwenye kikopo chako. Chumvi iliyo juu ya chakula inagusa ulimi moja kwa moja, kwa hiyo kidogo kinasikika kingi. Ile inayochemka ndani ya sufuria hupotelea kwenye mchuzi, na unaongeza, na unaongeza.

Kama unakula kwa mama au kwa shemeji, usidai sufuria yako. Omba sehemu yako itolewe kabla chumvi haijaingia. Nimegundua kina mama hukubali haraka ukisema "daktari anataka wiki moja tu" kuliko ukianza kuhutubia kuhusu figo.

Ladha ipatikane kwingine: kitunguu kingi kilichokaangwa hadi kiwe kahawia, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya zilizoiva kabisa, pilipili, na ndimu ikamuliwe mwishoni kabisa. Mchuzi wa karanga ndio uliovumilia vizuri zaidi kati ya vyote nilivyojaribu, kwa sababu karanga zenyewe zina utamu wake. Maharage yasiyo na chumvi, nikiri, siku ya kwanza ni adhabu.

Usile kibandani wiki hii isipokuwa vile vya kuchoma visivyotiwa kitu. Beba viazi na mayai. Kwa boda boda wanaozunguka juani kutwa: kunywa maji kama kawaida. Ukisikia kizunguzungu ukisimama, au misuli inakaza na mwili umelegea, acha jaribio na ule kama kawaida.

Onyo la pili, nalo ni kubwa. Usinunue chumvi mbadala yenye potasiamu ili kupunguza makali. Kwa mtu ambaye figo zake haziko sawa, na vijana wengi hawajui hali ya figo zao, potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hata kwa mzima, itaharibu jaribio, kwa sababu potasiamu yenyewe hushusha presha.

Kwa sababu hiyo hiyo usigeuze wiki hii kuwa wiki ya utakatifu. Usianze mazoezi mapya, usiache bia ghafla kama ulikuwa unakunywa mbili kila Jumamosi, usile matunda mara tatu ya kawaida. Badilisha chumvi peke yake. Ukibadilisha mambo manne na presha ikashuka, utamshukuru nani?

Dalili kwamba umefanya kweli: siku ya pili au ya tatu kiu inapungua, na wenye mizani huona uzito umeshuka kidogo, mara nyingi hadi kilo moja. Hayo ni maji, si mafuta, usishangilie. Chakula kitaonekana hakina maisha hadi siku ya nne hivi, kisha ulimi unaanza kuamka. Na siku ya 7 kikopo kiwe tupu au karibu tupu. Kikibaki kimejaa nusu huku huna hamu ya chumvi, jiulize umeila wapi.

Pima kama wiki ya kwanza. Hesabu siku 4 za mwisho tu, kwa sababu mwili unahitaji siku kadhaa kutoa chumvi ya zamani.

Wiki moja inatosha? Inatosha kuona mwelekeo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliwapitisha watu 213 kwenye wiki ya chumvi nyingi na wiki ya chumvi kidogo sana, na namba ya juu ilikuwa chini kwa 8, kwa wastani, katika wiki ya chumvi kidogo. Wale walikuwa wa miaka 50 hadi 75, na chumvi yao ilipunguzwa zaidi kuliko hii ya kikopo chetu. Kijana asitegemee tofauti kubwa hivyo.

## Hatua ya 6: Wiki ya tatu, rudi ulikotoka

Watu wanaruka hatua hii. Wanaona presha imeshuka, wanafurahi, wanaishia hapo. Lakini presha hushuka pia kwa kuzoea mashine, kwa wiki tulivu kazini, kwa mwezi kuisha na kodi kulipwa. Ikishuka wiki ya pili na kupanda tena wiki ya tatu, chumvi imejitaja yenyewe. Ikishuka na kukaa chini hata baada ya kurudia vyakula vya kawaida, haikuwa chumvi.

Rudi kwenye chakula cha wiki ya kwanza. Fungua daftari na ukifuate. Usiongeze chumvi kupita pale ili "uone vizuri": kwa mtu anayeguswa na chumvi hiyo ni kujitia hatarini bure.

Kina dada, mwili hushika maji siku chache kabla ya hedhi. Andika siku zako kwenye daftari. Kama wiki moja tu iliangukia hapo na namba zake haziendani na nyingine, rudia wiki hiyo mwezi unaofuata.

## Hatua ya 7: Hesabu

Sasa una wastani tatu. Kwa kila mmoja, zidisha namba ya chini kwa 2, jumlisha na ya juu, gawa kwa 3. Unapata namba moja badala ya mbili: presha ya wastani ya mishipa, ambayo watafiti huitumia kwa kazi hii.

Tuseme msichana wa miaka 24 amepata 134 kwa 84 wiki ya kwanza. 84 mara 2 ni 168, jumlisha 134 ni 302, gawa kwa 3 ni 100.7. Wiki ya pili amepata 125 kwa 78: 93.7. Wiki ya tatu 133 kwa 83: 99.7. Wiki mbili za kawaida zinapatana karibu 100, ya chumvi kidogo iko chini kwa 6 na nusu, kisha presha ikapanda tena. Huyu anaguswa na chumvi.

Mwingine amepata 131 kwa 82, kisha 127 kwa 80, kisha 126 kwa 80. Ukihesabu: 98.3, 95.7, 95.3. Ilishuka, haikurudi. Huyu alikuwa akizoea mashine.

Mpaka uko wapi? Katika utafiti ule wa 2023 walihesabu kushuka kwa 5 au zaidi. Wengine wanataka 10 ndipo waseme mtu anaguswa kweli. Kwa jaribio la nyumbani mimi nasema hivi: chini ya 3 ni kelele za mashine, 3 hadi 5 rudia baada ya mwezi, 5 na kuendelea ikiwa wiki ya tatu imepanda tena, amini.

Kama hujui ulikula chumvi kiasi gani hasa, maabara kubwa zinaweza kupima sodiamu kwenye mkojo wa saa 24 uliokusanywa wote. Ni kazi ya kuchosha na inagharimu, ila haidanganywi na kumbukumbu ya mtu.

## Hatua ya 8: Namba hizo zifanye nini

Kama unaguswa na chumvi, kikopo cha wiki kinaendelea, lakini kilegeze: vijiko vitano au sita kwa wiki badala ya vitatu na nusu, ili uweze kuishi nacho na kibanda kikupate siku moja moja. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na baadaye mchuzi wa zamani utauona mkali. Pima kwa siku tatu mfululizo kila baada ya miezi mitatu.

Kama huguswi, lakini wastani wako ni 135 kwa 85 au zaidi, tatizo lako liko mahali pengine. Angalia uzito, pombe, usingizi, mairungi, dawa za maumivu, na ukoo. Mwambie daktari hivyo waziwazi. Umemwokolea miezi ya kukuambia "punguza chumvi" bila matokeo.

Kama huguswi na presha yako ni nzuri, sawa, ila matokeo haya ni ya mwaka huu. Ukiongezeka kilo 10, au ukifika miaka 40, rudia.

Ukienda kituo cha afya cha daraja la tatu au la nne, usiende na maneno. Beba ukurasa mmoja: wastani wa wiki tatu, idadi ya vipimo, aina ya mashine na ukubwa wa mkanda, orodha ya dawa ulizomeza. Beba na mashine yenyewe, mhudumu apime kwa yake kisha kwa yako, mkono ule ule, dakika chache zikipita. Zikipishana sana, mashine yako ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Omba pia mkojo wako upimwe protini kwa kijiti. Ni kipimo cha dakika mbili, na kwa kijana mwenye presha ndicho ningekitaka cha kwanza kama ningekuwa nimekaa upande wako wa meza.